Beberu wa Kamati na Damu ya Miezi Minne

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi. Mzee wangu, ambaye ndiye aliyeumia. Ndugu yake mdogo, shemeji yangu, shemasi wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue. Binti yetu, na binti yake, mjukuu wetu wa kwanza, ambaye ndiye alikuwa anaposwa. Upande wa pili alikuwepo kijana mwenye kuposa, mama yake mzazi, na baba yake mkubwa, kwa sababu baba yake alishafariki na huyu ndugu ndiye husimama mahali pake. Wengine walikuwa wengi lakini walikuja kula tu, sitawahesabu. Wa mwisho alikuwa beberu mmoja mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso.

Majina yao yote ninayo, ya ubatizo, ya nyumbani na ya kutaniwa. Mimi shule niliachia darasa la nne na mambo mengi yamenipita, lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki tena. Binti yangu amenikataza kuyaandika. Anasema nikitaja mmoja, mwingine atakuja kuketi kwa sebule yangu kuuliza kwa nini hakutajwa kwanza. Basi siyaandiki. Hata jina la beberu nalijua, na hilo pia nalificha, maana yeye bado yuko hai na ana heshima yake.

Sisi ni Wakamba. Kwetu kijana akitaka msichana huleta mbuzi wa ntheo, na beberu mmoja huchinjwa boma ya msichana, wazee wakala, na kuanzia hapo kila mtu anajua huyu amechukuliwa. Shida ilikuwa ni wapi boma ya msichana. Mzee wangu alitoka Ukambani akaja kukata mawe Kitengela wakati Kitengela ilikuwa upepo na swala. Siku hizi tunaishi kwenye ploti ambayo ukuta wa jirani unagusa kamba yangu ya kuanikia nguo, na yule mlinzi wa gorofa ya ng'ambo huja kugonga geti nikikaanga samaki. Ukimchinja beberu pale, utaitiwa chifu kabla maini hayajaiva. Na wageni wangekuja na magari manne, na barabara yetu haiwezi kupitisha gari moja na mtu mnene kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo tukakubaliana kwamba sisi ndio tuende kwao. Wao ni Wamaasai, boma yao iko ng'ambo ya Kajiado, unaiacha lami ya Namanga na unaingia kwa vumbi mpaka ukate tamaa, halafu unaendelea kidogo. Mzee wangu alikubali kwa sharti moja. Alisema kwa muda wa saa moja, kidesturi, boma ile ihesabiwe kuwa yake. Baba mkubwa wa kijana alicheka, akasema saa moja ni kitu gani, achukue hata mbili. Wakaandikiana hayo kwa simu. Hakuna aliyeuliza kitu cha maana zaidi, yaani huyo beberu atakufa namna gani.

Tulifika saa nne asubuhi. Ilikuwa ule msimu wa baridi ambapo Kajiado ina jua la kukudanganya na upepo wa kukuambia ukweli. Tulisalimiwa vizuri, tukapewa chai ya maziwa matupu. Mama wa kijana alinisalimia, akanipa kiti, halafu akaenda zake. Ni mwanamke mnene, mrefu, mwenye maneno machache. Nilimwona ana maringo. Nilimnong'oneza binti yangu kwamba mjukuu wetu anaenda kupikia ukuta.

Beberu akaletwa. Mzee wangu akatoa kisu chake kwenye gazeti. Baba mkubwa akauliza hicho kisu ni cha kazi gani. Hapo ndipo mkutano wenyewe ulianza.

Kwao, mbuzi wa sherehe hakatwi koo. Anashikwa pua na mdomo mpaka pumzi iishe, ndipo anapasuliwa, na damu haimwagiki, inabaki ndani kama kwenye bakuli na wazee wanaikunywa. Kwetu anakatwa koo na damu inaenda kwa udongo, basi. Mzee wangu akasema hivyo ndivyo baba yake alivyofanya. Baba mkubwa akasema na yeye alikuwa na baba. Shemeji yangu akafungua Biblia kwa simu, akasoma mahali panapokataza kula damu, akasoma tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mara ya kwanza ni masikio yetu ndiyo hayakuwa yameokoka.

"Hata mimi nimebatizwa," baba mkubwa akamwambia. "Mbuzi ndiye hajabatizwa."

Walizungumza saa mbili. Beberu alikuwa amefungwa kwa mti, anakula majani, ametulia kuliko wote. Mwishowe wakapata maafikiano, na nyinyi mnaojua wazee mnajua maafikiano yao yanavyokuwa. Baba mkubwa angemziba beberu pua mpaka alegee, kisha kabla hajafa, mzee wangu angemkata koo. Kila desturi ingepata nusu yake. Damu ya kwanza ingekingwa kwenye kibuyu, iliyobaki imwagike. Walipeana mikono. Shemeji akaomba. Yaani kumuua mbuzi mmoja kulihitaji kamati, agenda na maombi ya kufungua.

Nilimwita mzee wangu kando, nikamwambia kisu ampe kijana. Mkono wake hutetemeka hata akishika kijiko cha uji. Aliniangalia vile mwanaume huangalia mke wake mbele ya wakwe.

"Mama, rudi ukae na wanawake."

Nikarudi nikakaa na wanawake. Hilo ndilo neno lililonikaa rohoni kwa saa zote zilizofuata, nikiomba lisiwe neno letu la mwisho.

Walimlaza beberu chini. Baba mkubwa akashika pua na mdomo. Mzee wangu akapiga magoti upande wa miguu, kisu mkononi. Baada ya muda akasema sasa. Baba mkubwa akasema bado. Mzee wangu akasema sasa. Akaambiwa bado, huyu anajifanya. Mzee wangu akainua kichwa kumweleza kwamba saa hii boma ni yake na yeye ndiye anajua sasa ni lini, na baba mkubwa akatoa mkono mmoja kumwonyesha saa. Beberu alipoona hakuna anayemshughulikia akapiga teke moja la mguu wa nyuma. Likapata mkono wenye kisu. Kisu kikaingia kwa paja la mzee wangu, upande wa ndani, juu kidogo ya goti. Beberu akasimama, akajikung'uta, akatoka kwa lango mbio. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Damu haikudondoka. Iliruka. Niliwahi kuona bomba la maji likipasuliwa na jembe pale Kitengela, ilikuwa hivyo hivyo, inaruka, inapumzika kidogo, inaruka. Mzee wangu aliitazama akasema amejikata kidogo.

Basi hapo kila mtu akageuka daktari. Binti yangu alikuja na chupa ya soda nyeusi, eti inaongeza damu kwa sababu ya rangi. Shemeji akampokonya, akasema mtu anayetokwa na damu akinywa kitu chochote anakufa papo hapo, yeye aliona kwa macho yake, ingawa hakusema ni wapi. Baba mkubwa alisema nyote hamjui kitu. Aliyetokwa na damu anarudishiwa damu. Kwao mama akijifungua anapewa damu ya ng'ombe na maziwa na anasimama, na vijana walioumizwa na simba walipewa hiyo hiyo. Akaagiza upinde na mshale, na ng'ombe fulani mwekundu aletwe kutoka malishoni. Mjukuu wangu alikuwa amepanda juu ya jiwe akitafuta mtandao ili aulize intaneti. Mahali damu ilikuwa inatoka hakukuwa na mtu.

Nasema uongo. Kulikuwa na mmoja. Mama wa kijana alikuja, akavua shuka ya mabegani, akaikunja, akaishindilia pale penye kidonda, kisha akapiga goti lake juu yake na kukaa hapo na uzito wake wote.

Shemeji aliacha mambo ya soda. Akasema si vizuri. Mama mkwe kukalia paja la mzee wa upande wa pili ni aibu, kwao na kwetu, hata mbele za Mungu. Atafutwe mwanaume.

"Mleteni aliye mzito kuliko mimi," mama wa kijana akasema, "nitampisha."

Hakuna aliyeletwa. Aliketi pale na aibu yetu yote chini ya goti lake, na damu ikaacha kuruka.

Kijana alikuwa ameshashusha kreti za soda kutoka kwa pikapu. Tulimpandisha mzee wangu, tukamlaza kwa godoro, miguu tukaiinua juu ya kreti moja iliyobaki, na mama wa kijana akapanda naye goti likiwa palepale, akisogea kama mtu aliyegandishwa kwa gundi. Mimi nikakaa upande wa kichwa. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na unyevu kama samaki, na uso wake ulikuwa umepata rangi ya jivu la makaa. Alianza kupumua haraka haraka.

"Mama, nipe maji. Nina kiu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Sikumpa, kwa sababu sikuwa nayo.

Kwenye kituo cha barabarani kuna dispensari ya vyumba viwili. Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko mjukuu wangu, na sauti yake ndogo. Alimtazama mzee wangu mara moja, akabonyeza ukucha wake, akangoja rangi irudi na haikurudi upesi. Akamwambia mama wa kijana asiondoe goti. Nesi alimpa glovu, mama wa kijana akazitazama zile glovu na goti lake, wote wakaona haina maana.

Mishipa ilikuwa imejificha. Daktari alitafuta mkono mmoja, akatafuta wa pili, akaingiza sindano mbili nene, moja kila upande, nene kama za kushonea magunia. Akaunganisha mfuko wa maji. Mara ya pili mzee wangu akaniomba maji, na safari hii yalikuwepo, ndoo nzima pale kwenye kona na kikombe juu yake. Nikainuka. Daktari akaniambia bila kugeuka, "Shosho, hapana. Anaenda thieta. Akiwa na kitu tumboni na akapewa dawa ya usingizi, kinaweza kurudi juu kiingie kwa mapafu. Hata kijiko usimpe."

Shemeji yangu alikuwa mlangoni. Nilisikia akivuta pumzi ya ushindi. Hapo alipatia, kwa bahati, kama saa iliyosimama inavyopatia mara mbili kwa siku, na tangu hapo kanisani wanamwita daktari. Mama mmoja alimletea mtoto mwenye surua.

Daktari alikuwa akipigia simu hospitali kubwa ya Kajiado watayarishe damu wakati bodaboda ilipoingia uwanjani kwa kasi. Nyuma alikuwa baba mkubwa, na kibuyu kifuani amekikumbatia kama mtoto mchanga. Ng'ombe mwekundu alikuwa amepatikana. Damu ilikuwa bado moto.

Daktari alimpokea kwa heshima. Alimwambia ameshukuru, lakini leo mdomo wa mgonjwa umefungwa, na hata wiki ijayo ipikwe kwanza. Baba mkubwa aliangalia ule mfuko uliokuwa unaning'inia juu ya mzee wangu, mweupe kama machozi.

"Hicho ni nini?"

"Maji yenye chumvi kidogo, mzee."

"Huyu mtu amemwaga damu. Mimi nimeleta damu, wewe unampa maji ya chumvi. Kati yetu nani ndiye hajasoma?"

Ni swali nililokuwa nalo mimi pia, ila sikuwa na ujasiri wa kuliuliza. Daktari alimjibu huku mkono uko kwa dripu. Alisema moyo ni pampu. Ikikosa kitu cha kusukuma, inasimama. Haya maji ni ya kuifanya iendelee kusukuma mpaka tufike kwenye damu ya mtu. Lakini hayabebi pumzi, kwa hivyo hatampa mengi. Atampa ya kumtosha asizimike tu.

Nilielewa haraka, kwa sababu nimepikia wageni maisha yangu yote. Akija mgeni mmoja zaidi unaongeza maji kwenye chai. Akija mwingine unaongeza tena. Kila mtu atapata kikombe, na mwisho hakuna atakayekunywa chai. Mzee wangu alikuwa sufuria iliyomwagika, na yule msichana alikuwa anaongeza maji kwa kipimo, akijua majani yako Kajiado.

Mfuko wa pili ulikuwa umetoka kwa kabati na ulikuwa baridi kama jiwe la asubuhi. Daktari aliushika, akakunja uso. Akasema mwili ukipoa damu inakataa kuganda, na hapa hakuna mashine ya kupashia. Aliniangalia mimi, na nguo zangu, sweta mbili na leso na koti la marehemu dada yangu.

"Shosho, weka huu kifuani. Ndani kabisa, kwa ngozi. Nikikuambia, unipe."

Basi nikaufungua mwili wangu mbele ya wakwe, ule ambao nilikuwa nimeufunika vizuri kwa sherehe, nikaweka mfuko ule katikati ya matiti. Ulinichoma kwa baridi. Nikajifunga leso juu yake.

Ambulensi ilikuwa imeenda kwingine, tukarudi kwa pikapu. Daktari alipanda na sisi, dripu ameishika juu kwa mkono, mzee wangu amefunikwa blanketi tatu na mashuka yote ya kwao. Baba mkubwa alikaa mbele na kibuyu chake. Shemeji alibaki kuomba. Upepo ulikuwa unapita pale nyuma kama kwamba una haraka kutuzidi.

Mzee wangu alikuwa anaomba maji. Si kwa ukali tena. Alikuwa anaomba kama mtoto anayejua hatapewa lakini anataka ujue kwamba hajalala. Nikawa nahesabu. Na mimi kifuani nilikuwa na maji, yanaanza kupata joto langu, yanacheza kila tukiruka shimo. Miaka yote ya ndoa yetu mtu huyu hakuwahi kukosa maji nyumbani kwangu. Hata tukiwa hatusemezani nilikuwa naweka jagi mezani na kuligeuzia mgongo. Siku ile alikuwa ameweka kichwa kwenye mapaja yangu, maji yako shibiri moja kutoka mdomoni mwake, na kazi yangu ilikuwa kumnyima.

Mama wa kijana aliniona midomo ikienda. Alidhani ninasali. Akaweka mkono wake mmoja uliojaa damu juu ya leso yangu, pale mfuko ulipokuwa, akauacha hapo kuongeza joto. Nikaomba msamaha kimoyomoyo kwa lile neno la ukuta.

Kabla ya kufika mjini, alipoomba mara ya kumi na moja, sauti ilikuwa ndogo mpaka nikainama. Hakutaja maji peke yake. Alisema, "Njoo ukae hapa na wanaume." Sijui kama alikuwa ananitania au akili ilikuwa imepotea. Halafu akanyamaza.

Daktari akasema, "Shosho, sasa." Nikatoa mfuko. Ulikuwa moto kama mandazi.

Hospitalini walikuwa wametungoja mlangoni. Walimchukua na mama wa kijana pamoja, maana waliogopa kuwatenganisha, na walipomtoa yeye kwenye mlango wa thieta alikuwa hawezi kusimama, goti limekufa ganzi. Tukaketi kwa benchi, yeye mguu wake juu ya mapaja yangu, ninausugua. Kwa desturi zetu hiyo nayo ni aibu. Siku ile tulikuwa tumeshazimaliza aibu zote.

Kwa friji walikuwa na chupa mbili za damu ya aina yake, ya tatu hawakuwa nayo. Nesi akatoka akauliza ni ndugu gani watatolewa damu. Kumbuka kwamba kufikia hapo jamaa wote walikuwa wamefika, na wote walikuwa wataalamu wa damu tangu asubuhi. Ghafla kila mtu akawa na ugonjwa. Shemeji ana presha. Mwingine alikunywa dawa ya minyoo juzi. Mmoja alisema damu yake ni nyepesi, haiwezi kumfaa mtu mwingine. Baba mkubwa aliinua kibuyu, akasema mchango wake ni huu hapa na mmeukataa.

Nikasimama mimi. Nesi akaniuliza umri, nikasema sitini. Akaomba kitambulisho. Akakisoma, akaniangalia, akakisoma tena.

"Shosho, sitini hii ni ya mwaka gani?"

Akanirudisha kwa benchi. Binti yangu alipimwa, damu ikaonekana kidogo. Mjukuu alikuwa mwembamba, kilo hazikutosha, na hiyo ndiyo faida tuliyopata kwa ile gauni ya sherehe aliyojinyimia chakula ili imtoshe. Mama wa kijana akachechemea ndani, akapimwa, haikupatana. Akabaki kijana. Alikunja mkono wa shati bila kungoja kuulizwa. Ilipatana.

Mzee wangu alitoka thieta jua likielekea kwenye vilima. Mshipa ulikuwa umeshonwa. Zile chupa mbili zilishaingia, na ya kijana ilipomalizika kukaguliwa iliwekwa ya tatu. Nilikaa nikitazama rangi ikirudi, kwanza kwa masikio, halafu midomo. Kesho yake asubuhi daktari wa pale aliniruhusu nimpe chai, kidogo kidogo. Nilikuwa nimeitengeneza kwa jiko la mama muuzaji wa nje, kwa mikono yangu. Nilimwinua kichwa, akanywa mara tatu, akafumba macho.

"Mama," akasema, "hii chai ina maji mengi."

Nilienda chooni kulia. Sijawahi kutukanwa vizuri namna hiyo.

Mngefikiri mambo yaliishia hapo. Wiki mbili baadaye wazee walikaa tena, safari hii kwa ploti yetu, magari yakaachwa kwa petroli steshen. Baba mkubwa akasimama na jambo zito. Alisema yeye hajalala. Kwao hamuoani mkiwa ukoo mmoja. Sasa damu ya kijana, ambayo ni damu ya ukoo wao, iko ndani ya babu wa msichana. Zile mbili za friji ni za serikali, hazina ukoo. Lakini hii ya tatu inajulikana. Msichana atakuwa nani kwa kijana kama si dada?

Mjukuu wangu alitazama dari. Kijana alishika kichwa. Shemeji, ambaye alinyima hata tone, akasema jambo hili ni nyeti na akatafuta aya, akakosa. Mzee wangu, kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, alikuwa anafurahi. Hajawahi kuwa katikati ya mjadala mkubwa hivyo.

Aliyeokoa ni mama wa kijana. Alimpigia yule daktari msichana wa dispensari, akaweka simu kwa spika, akamuuliza swali moja tu: damu ya mtu ukiongezewa inakaa muda gani. Yule msichana akasema huisha polepole, haizidi kama miezi minne, na hapo mwili unakuwa umetengeneza yake.

Baba mkubwa alihesabu vidole. Akasema basi ni rahisi, harusi isubiri miezi minne.

Na ikasubiri. Sijui kama kuna harusi nyingine Kenya nzima iliyoahirishwa ili damu iishe kwa babu. Tuliwaambia watu kwamba bustani ya karamu pale hotelini haikuwa na nafasi mapema. Siku yenyewe ilipofika, mbele ya lango la kanisa pale Kitengela, baba mkubwa alimwendea mzee wangu akamuuliza kwa sauti ya chini kama imeisha. Mzee wangu alifumba macho, akajisikiliza kidogo, akasema jana jioni alihisi ya mwisho ikitoka.

Kwa Wamaasai, mtu akikupa ng'ombe mnaitana Pakiteng maisha yote, na akikupa kondoo ni Paker. Damu ni osarge. Siku hizi kijana akija nyumbani, mzee wangu humwita Pasarge, jina ambalo wazee wa kweli wanasema halipo. Beberu bado yuko kule bomani. Anakula mahindi ya kuku na hakuna anayemgusa, kwa sababu ili achinjwe itabidi kamati ikae.

Sasa nyinyi mliokuwepo, kama nimekosea, njooni mnisahihishe. Mzee wangu anasema beberu hakupiga teke, kwamba ni baba mkubwa aliyemsukuma, na baba mkubwa anasema mabishano yalikuwa saa moja na nusu. Shemeji anataka iandikwe kwamba alijitolea damu, kimoyo. Nitabadilisha kila mahali mtakaponionyesha. Ila ile kwamba aliniomba maji mara kumi na moja, hapo asinisahihishe mtu isipokuwa mama wa kijana. Yeye alikuwa karibu, goti lake lilikuwa juu ya kidonda, na nadhani alikuwa anahesabu pia.